Siku ya Jabali Thaur

Wahenga wamesema kwamba kutangulia si kufika. Msemo huu niliusikia tangu utotoni, chuoni kwetu, lakini maana yake niliipata uzeeni, juu ya mawe ya Makka.

Ilikuwa Mfunguo Mosi, mwaka 1444 (2023). Tulikwenda Umra watu watatu, sote wazee, tuliosoma pamoja kwa mwalimu mmoja. Tulipokwisha ibada yetu tukaazimia kuupanda mlima wa Thaur. Na nieleze mapema: kuupanda mlima huu si nguzo wala wajibu wala sunna ya Hija au Umra. Asiyeupanda hakupungukiwa na kitu. Sisi tulitaka kupaona tu mahali tulipopasomesha kwa miaka mingi.

Thaur iko kusini ya Makka, hali Madina iko kaskazini. Katika hilo mna hekima. Mwaka 622 Mtume (s.a.w.) alipohama, alielekea upande ambao Makureshi hawakuudhania, akakaa pangoni siku tatu pamoja na Sayyidna Abubakar (r.a.). Bibi Asmaa akiwapelekea chakula, naye ni mja mzito. Abdallah, nduguye, akiwaletea habari za mji, na Amir bin Fuhayra akipitisha mbuzi wake ili kufuta nyayo.

Tulianza kupanda baada ya sala ya alfajiri. Kilele kipita mita 700 juu ya usawa wa bahari, na njia ni mawe matupu, hapana mti wa kujifunika. Jua lilipochomoza, mwenzetu mkubwa, mwenye maradhi ya goti, akaanza kubaki nyuma. Akatwambia, "Tangulieni, nakujani." Nasi tukatangulia. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilijiona bado nina nguvu za kijana, na kila niliyempita njiani alinizidisha kiburi.

Tulipofika juu, nami nimekwisha vua viatu nisali rakaa mbili, mwenzangu akaniuliza, "Maalim, maji ya mwenzetu si unayo wewe?"

Nikatazama begani. Chupa zote tatu zilikuwa katika mkoba wangu.

Wallahi, nilisimama mbele ya pango lile nikaona haya hata ya kutazama ndani. Aya ya 40 ya Surat Tawba nimewafasiria wanafunzi mara zisizo idadi: kwamba Mwenyezi Mungu amewataja waliokuwamo pangoni kuwa ni wawili, na mmoja akimtuliza mwenziwe asihuzunike. Na mimi nimefika hapo hapo, nimemwacha sahibu yangu juani bila ya maji!

Tukashuka. Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha jiwe, midomo imemkauka, tasbihi mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mmeshuka mara hii, Maalim? Mmekwisha sali?" Nikamjibu, "Bado. Tumekuja kukuchukua." Nikamnywesha, nikamwomba radhi, akacheka.

Tukapanda tena, safari hii kwa mwendo wake, mkono wake begani kwangu. Kila hatua ishirini tukipumzika. Adhuhuri ilitukuta juu, tukasali jamaa sote watatu. Tuliporudi chini ilikuwa alasiri imekwisha ingia, na miguu yangu ikitetemeka kama ya mtoto anayejifunza kwenda.

Mpenzi msomaji, wangapi tumetangulia katika mali, elimu au cheo, na mkobani mwetu tumechukua maji ya wenzetu? Ndugu aliyebaki nyuma huenda hatakuja kudai, atakwambia, "Tangulia." Usilifanye neno lake kuwa hoja yako. Kabla ya kuvua viatu usali, tazama begani.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe masahibu wema njiani, na atusamehe tuliowaacha. Amin.