Kabla ulipie leza ya keloidi

Wasee, kama una keloidi unajua hauwezi kuvaa vesti bila mtu kukupa ushauri wa bure. Yangu iko kifuani. Ilianza na chunusi moja nikiwa kidato cha pili, sasa imepita kidole gumba, ngumu kama tairi, na inawasha vibaya sana usiku. Nimeambiwa nipake vitunguu saumu, nipake alovera, niombewe. Siku hizi wimbo ni mmoja: "Si uende tu leza itolewe?"

Haya, tuongee kuhusu hiyo leza.

Kovu la kawaida hukaa pale kidonda kilikuwa. Keloidi huvuka mpaka, kwa sababu seli za ngozi zinaendelea kutengeneza kolajeni hata baada ya kidonda kufunga. Na sisi watu weusi inatupata zaidi. Sasa ukiikata tu, au ukiichoma na leza tu, umefanya nini? Umeongezea kidonda kingine mwili usiojua kuacha kupona. Ndio maana nyingi hurudi, zingine kubwa kuliko mwanzo.

Lakini leza yenyewe si uongo. Kuna aina inayotoboa vijishimo vidogo sana kwa ile ngozi ngumu, kisha daktari anapaka dawa ya steroidi ipenye ndani. Kuna nyingine, ya nanomita 585 au 595, inayolenga mishipa midogo ya damu inayolisha keloidi. Shida ni kwamba melanini pia hunyonya huo mwanga, hivyo ngozi nyeusi inaweza kubaki na malengelenge na madoa. Ile ya Nd:YAG, nanomita 1064, inaingia chini zaidi na melanini haiinyonyi sana. Hiyo namba ndiyo ya kuuliza, hata kabla ya bei.

Mimi niliuliza. Kliniki moja mjini, jina niachie. Dada wa mapokezi akaniambia mashine yao ni "ya kisasa, kutoka ng'ambo." Baada ya leza kuna sindano za steroidi? Akanionyesha picha ya mteja, sikio safi kabisa. Ilipigwa lini? Wiki mbili baada ya kutolewa. Maze, keloidi inaweza kukaa miezi, hata mwaka, ndio irudi! Nikabeba mkoba wangu.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye hakuniahidi kuiondoa. Alisema tuanze na sindano, moja kila mwezi, ilainike na iache kuwasha kwanza, halafu leza tutaijadili ikihitajika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza inanisumbua vipi badala ya kuniambia inaonekana vipi. Sindano zinauma, nisikudanganye, dawa inasukumwa kwa kitu kigumu kama soli. Nimedungwa tatu. Imeshuka kidogo, na katikati inaanza kubonyea. Ya nne ni Jumanne.