Kabla hujang'oa wigo wa minyaa: sumu tunazopanda wenyewe nyumbani

Kiangazi kimeshika, mavuno yako ndani, na huu ndio msimu ambao wengi wetu huku Singida tunashika panga na kupunguza wigo. Kwa hiyo leo naweka kando habari za alizeti na viuatilifu, tuzungumze kuhusu mimea yenye sumu tunayoipanda kwa mikono yetu, hatua chache kutoka mlangoni.

Ukitaja mimea yenye sumu, watu wengi huwaza porini. Mchungaji anakuonyesha mti fulani anakwambia, ng'ombe akila huu hafiki nyumbani. Huo tunauogopa, na kwa kuwa tunauogopa hautupati kirahisi. Unaotupata ni ule tuliouzoea, tunaoanikia nguo, ambao watoto wanacheza chini yake kila siku. Chuoni nilipokuwa nasomea stashahada, mimea ya sumu tulifundishwa kwenye somo la malisho: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Watoto hawakutajwa. Habari za watoto nimezikuta huku kazini.

Tuanze na mnyaa. Kama unaishi Singida, Dodoma au Shinyanga sina haja ya kukueleza mnyaa ni kitu gani. Ni vile vijiti vya kijani, laini kama penseli, ambavyo ukivunja vinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ni wigo wa mtu asiye na hela ya seng'enge, na ni wigo mzuri kweli. Unachomeka kipande ardhini kinaota, ukame hauuui, mbuzi hawaugusi. Hawaugusi kwa sababu ya huo utomvu.

Ukidondokea ngozi unawasha, na wengine wanatoka malengelenge. Ukiingia jichoni ni habari nyingine. Unaunguza sehemu ya mbele ya jicho, ile iliyo kama kioo, na ubaya wake ni kwamba haumalizi kazi palepale. Mwanzo jicho linachoma na kutoa machozi. Saa chache baadaye maumivu yanaongezeka, kope zinavimba, mwanga unakuwa adui. Mtu analala akijisemea kesho nitakuwa sawa, anaamka anaona ukungu. Wengi wanaotibiwa mapema hupona ndani ya wiki moja au mbili. Anayechelewa, au anayetiwa dawa za ajabu, anaweza kubaki na kovu kwenye jicho maisha yake yote.

Msimu uliopita nilipita kwa bibi mmoja katika kata yangu kuangalia ghala lake la mtama. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali ambalo halikuwa la mtama. "Mwanangu, huu wigo niukate wote?" Mjukuu wake wa miaka saba alikuwa anabeba matawi wakati mjomba wake anapunguza wigo. Tawi lilimpiga usoni. Walimpangusa kwa kanga, akalala, asubuhi hakuweza kufungua jicho. Bahati nzuri walimpeleka hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Nilipomkuta alikuwa anaona, ila bado anakaa kivulini na kofia ameishusha mpaka puani. Bibi alikuwa ameshaamua. Anang'oa minyaa yote, na anauza mbuzi wawili ili anunue nguzo na seng'enge.

Nilimwomba asubiri. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tumalize habari ya jicho, maana huenda ukaihitaji kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Utomvu ukiingia jichoni, kitu cha kwanza ni maji. Mengi, na palepale. Mlaze mtu chali au kwa ubavu, fungua kope kwa vidole vyako vilivyooshwa, mimina maji taratibu yapite juu ya jicho kwa dakika 15 hadi 20. Usisugue. Usipanguse kwa kanga, maana kanga yenyewe huenda ina utomvu. Najua maji huku kwetu yana bei na ndoo moja imetoka mbali. Mwaga hiyo ndoo. Maji safi ya kunywa ndiyo bora, lakini usisimame kusubiri maji bora wakati jicho linaungua. Ukimaliza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua, na waambie wazi kwamba ni utomvu wa mnyaa.

Sasa yale ya kuacha. Maziwa ya mama hayazimui utomvu huu, ingawa nimesikia ushauri huo karibu kila kijiji. Maji ya majani fulani, mate, mkojo, asali, vyote viache. Na usiende duka la dawa kununua matone uliyosikia jirani alipewa. Matone mengine ya macho yakitumiwa bila kupimwa huongeza madhara, na hilo ni la daktari kuamua, si la mimi bwana shamba wala la muuza duka.

Turudi kwa bibi. Nilimwambia asubiri kwa sababu kung'oa minyaa yote kwa mpigo ndiyo kazi ya hatari kuliko kuiacha imesimama. Mnyaa uliosimama bila kuguswa haurushi utomvu. Unaoumiza ni ule unaokatwa, na kung'oa mita 60 za wigo ni kukata matawi kwa maelfu. Pia mbuzi wawili kwake ni ada, sare na madaftari. Tukakubaliana hivi: upande wa mlangoni na wa choo, ambako watoto wanapita, wigo utolewe polepole. Kwa ndani apande michongoma, ile ya miiba mirefu na matunda ya njano makali kama ndimu. Ikishafunga vizuri, miaka michache mbele, ndipo minyaa ya nyuma yake iondoke. Upande wa shamba ubaki.

Na anayekata avae miwani. Si lazima ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, hata ya jua iliyochakaa inasaidia kuliko macho matupu. Mikono mirefu, kofia. Simama upepo ukikupiga mgongoni, usikate tawi lililo juu ya kichwa chako. Lipunguze wigo ukiwa bado mfupi, kila mwaka, ili usifike huko. Watoto wasibebe matawi, hata kidogo, hata kama ndio wenye nafasi siku hiyo. Matawi yakae mbali yakauke, na usiyafanye kuni za jikoni. Panga na mikono vioshwe kwa sabuni, maana utomvu huo unanata na maji matupu hayautoi vizuri. Na kabla hujaosha mikono, usipanguse jasho usoni. Hapo ndipo watu wazima wengi wanapopatikana.

Mnyaa angalau unajulikana kwamba unawasha. Kuna mimea miwili ambayo haina dalili ya ubaya wowote, na kwa watoto naihofia zaidi.

Wa kwanza ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Wanawake wanaujua kwa mafuta ya nyonyo ya nywele. Mbegu zake ni nzuri, zinang'aa, zina madoa kama kupe aliyeshiba damu, na watoto huzichukua kuchezea kama kete. Ndani yake mna sumu inayoitwa risini, mojawapo ya sumu kali kabisa zitokazo kwenye mimea. Mbegu ikimezwa nzima huweza kupita bila kudhuru sana kwa sababu ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, ni dharura. Na dalili huchelewa kwa saa kadhaa: mtoto anacheza vizuri mchana, usiku anaanza kutapika na kuharisha. Usisubiri dalili hizo. Ukijua ametafuna, nenda.

Hapa nina neno kwa wafugaji. Risini haiingii kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu. Sisi watu wa alizeti tumezoea kwamba kinachobaki kwenye mashine ni chakula cha mifugo. Mashudu ya mbarika si chakula cha mifugo. Ukiuziwa mashudu ya bei ya kutupa ambayo muuzaji hataki kusema yametoka wapi, yaache.

Wa pili ni mbono kaburi, ule unaopandwa makaburini na kwenye mipaka ya viwanja. Miaka ya 2000 ulitangazwa sana nchini kwamba mafuta yake yataendesha mitambo, na watu wakaupanda kwa wingi. Soko lililoahidiwa halikufika kwa wengi, miti ikabaki. Mafuta yake yanafaa kwa sabuni na taa. Kupikia hapana, na mashudu yake kwa mifugo hapana vilevile. Tatizo la mbegu zake ni kwamba hazina uchungu. Zina ladha karibu na karanga, kwa hiyo mtoto akila moja anakula na ya pili, na anawagawia wenzake. Koo linachoma, kisha kutapika na kuharisha mpaka anaishiwa maji mwilini. Kwa hiyo ukiona mmoja anatapika, waulize na wenzake waliokuwa wakicheza naye.

Maua ya mapambo sitayamaliza, ni mengi. Nitataja yale ninayoyaona kwenye nyumba mpya za mjini. Oleanda, lenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, linavuruga mapigo ya moyo, na kila sehemu yake ina sumu, hata majani yaliyokauka. Kosa ninaloliona ni mtu kupunguza maua yake na kutupa matawi nje ya ukuta. Kiangazi hiki mbuzi wa jirani ana njaa, na tawi lililonyauka kwake ni tawi tu. Chimba shimo ufukie. Ndugu yake wa maua ya njano ana sumu ya namna hiyohiyo. Yale maua makubwa kama tarumbeta yanayoning'inia, na gugu lake lenye tunda la miiba linaloota kwenye jaa na kando ya zizi, yanachanganya akili na kukausha kinywa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walifariki na mamia waliugua baada ya kula unga wa uji wa msaada uliokuwa na sumu ya jamii hiyo. Gugu hilo ling'oe kabla halijatoa mbegu, hasa likiwa karibu na unapopigia mtama. Na lile ua la ndani la majani mapana yenye madoa meupe, mtoto akilitafuna kinywa na ulimi vinavimba. Ukishamenya magimbi mikono ikawasha, unaijua hiyo kazi. Ni vichembe vya ncha kali vya aina ileile, isipokuwa magimbi tunapika.

Kupika kunanileta kwenye kisamvu. Usishtuke. Muhogo na ule mti wa kisamvu cha mpira vina sumu ya sayanaidi kwenye majani na mizizi, michungu ikiwa nayo zaidi, na bado tunakula tangu zamani kwa sababu mama zetu walijua kutwanga. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini peke yake. Jani likipondwa, sumu iliyofungwa inafunguka na kuanza kutoka hewani. Kisha unachemsha sufuria ikiwa wazi. Siku hizi naona watu wanakatakata majani kwa kisu na kutumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya moto. Hapo unaua kile kinachofungua sumu kabla hakijafanya kazi. Twanga, au saga kwa mashine, acha kidogo, ndipo upike. Mihogo michungu nayo isifupishiwe siku za kulowekwa kwa sababu ya njaa. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, uliohusishwa na mihogo michungu isiyoandaliwa ipasavyo. Na majani ya muhogo yaliyonyauka usimtupie mbuzi.

Mtoto akila mmea wowote usioujua, mtoe mabaki mdomoni, msukutue, umwahishe kituo cha afya. Usimtapishe kwa kidole wala chumvi. Usikae kumkorogea maziwa; dakika hizo ni za kutafuta bodaboda. Akiwa analegea au anasinzia usimpe kitu chochote kinywani.

Na chukua mmea wenyewe. Vunja kitawi chenye jani, na tunda au mbegu kama ipo, tia kwenye mfuko, nenda nacho. Jina pekee halitoshi. Hapa nilipo, "mbono" kwa mwenyeji mmoja ni mbono kaburi na kwa jirani yake ni mbarika, na daktari aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine huenda ana mbono wake wa tatu.