Barua kutoka Calgary: Beki wa Miaka 19 na Hela Yangu ya Chai

Calgary, Septemba 2025

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta kwenye treni ya alfajiri nikienda kazini. Nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza jogoo wa jirani alikuzidi sauti. Nimefurahi kusikia mama goti limepoa. Mfikishie shikamoo yangu. Suala la bati tutalizungumza mwisho wa mwezi. Kilichonichekesha ni pale uliponiuliza wiki hii nani umpe unahodha kwenye fantasi yako, eti kwa vile mimi naishi huku kwa wazungu lazima niwe na habari za ndani.

Sina. Fantasi ya mpira wa miguu nimeiacha mwaka wa pili sasa. Nimehamia hoki ya barafu.

Cheka umalize, halafu nikueleze. Pale ghalani tunapofanya kazi, saa ya chakula kila mtu ana meza yake. Mimi yangu ilikuwa ya dirishani, peke yangu na simu. Meza ya katikati ilikuwa ya dereva wa foklifti, mzee wa Newfoundland ambaye Kiingereza chake kilinichukua mwaka mzima kukishika, pamoja na Mfilipino mmoja, Mweritrea mmoja, na mama wa Kipunjabi wa kitengo cha kupokea mizigo. Siku zote walikuwa wanabishana juu ya majina nisiyoyajua. Oktoba ya mwaka jana mtu mmoja wa ligi yao ya fantasi alijitoa, wakabaki 11, na hesabu yao inataka 12. Mzee akavuta kiti kwa mguu, akanionyesha nikae. Ndivyo nilivyoingia kwenye hoki: kuziba pengo.

Mchango ni dola 20. Mshindi anabeba zote. Atakayeshika mkia anavaa jezi ya Edmonton Oilers zamu nzima, hapa Calgary, mbele ya watu. Edmonton iko kilomita 300 hivi kaskazini mwetu, na chuki yenyewe ni ile ya Msimbazi na Jangwani. Mwaka jana jezi niliivaa mimi. Picha ipo, sikutumii.

Na aliyenivalisha ni kijana mmoja wa Montreal anayeitwa Lane Hutson. Ni beki. Mfupi, sentimita 175, kwenye mchezo ambao mabeki wake ni kama milango ya benki. Mwaka 2022 timu zilimpita mara 61 kabla Montreal hawajamteua. Usiku wa kuchagua wachezaji mama wa Kipunjabi akamchukua, nami mgeni wa juzi nikacheka pamoja na wengine. Kijana akamaliza msimu wake wa kwanza kamili na pointi 66: magoli 6, asisti 60. Asisti hizo 60 zimelingana na rekodi ya beki mgeni iliyowekwa na Larry Murphy msimu wa 1980-81. Akapewa Calder, tuzo ya mchezaji bora mgeni wa ligi. Mama wa Kipunjabi akapewa dola 240.

Sasa lazima nikueleze beki anapataje pointi 66, usije ukadhani huku mabeki wanapanda kwenye kona kama kina Sergio Ramos. Uwanjani wapo watano na kipa. Mchezo ni dakika 60, vipindi vitatu vya 20, na mabadiliko yanafanyika mchezo ukiendelea: mtu anateleza kwa kasi sekunde 40 au 50, anaruka ukuta mfupi kurudi benchi, mwingine anarukia uwanjani. Ndiyo maana hoki yote ni habari ya dakika. Kocha akikupa dakika 14, wewe ni mtu wa kawaida. Akikupa 23, kama alivyopewa Hutson, wewe ni mwenye nyumba.

Na zipo dakika zilizo nono kuliko nyingine. Mchezaji akifanya kosa, anafungiwa kibandani dakika mbili, timu yake inabaki na wanne. Watano wanawashambulia wanne. Hapa wanaita pawaplei. Kila kocha ana kikosi chake cha kwanza cha pawaplei, na siku hizi kikosi hicho kina washambuliaji wanne na beki mmoja tu. Mmoja. Huyo anasimama juu, kwenye mstari wa buluu, na karibu kila pasi inapitia kwake. Mwenye kiti hicho anakula asisti hata siku asiyokuwa na njaa. Asiye nacho, awe na kipaji cha namna gani, ataokota makombo.

Nimefika kwenye jina ninalotaka kukuambia: Zayne Parekh. Jina la Kigujarati hilo, utadhani umelisoma kwenye bango la duka la vitambaa barabara kuu ya Tanga, na nakiri kwamba ndilo lililonifanya nigeuke kwanza. Amezaliwa Februari 2006. Calgary Flames walimteua wa 9 mwaka 2024, kwenye ule ukumbi wa duara wa Sphere kule Las Vegas. Alikuwa anachezea Saginaw, timu ya vijana iliyoko Michigan lakini inayocheza ligi ya Ontario. Msimu wa 2023-24 alifunga magoli 33 na kufikisha pointi 96 katika mechi 66. Beki, nakukumbusha. Msimu uliofuata magoli 33 tena, pointi 107, mechi 61. Aprili mwaka huu Flames wakamwita kwa mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Los Angeles Kings. Akafunga.

Mzee wa Newfoundland alinionyesha vipande vyake vya video kwenye simu yenye mafuta ya sendwichi. Kipande kimoja nilikirudisha mara nne. Kijana yuko juu kwenye mstari, paki, kile kidude cheusi cha mpira mgumu, imekaa kwenye ubapa wa fimbo yake. Mpinzani anamjia mbio, goti chini, tayari kuzuia shuti. Kijana hapigi. Anadokeza bega la kushoto kidogo tu, mpinzani anajitupa upande huo, naye anateleza ubavu kuelekea kulia kama kaa wa Raskazone, kichwa juu, bila kuangalia chini hata mara moja. Hatua tatu za ubavu, na njia ya golini iko wazi. Mzee akaizima simu, akasema kwa Kiingereza chake cha baharini maneno ambayo kwetu ningeyatafsiri: mtoto huyu hana haraka. Kwa mchezo unaokwenda kwa sekunde 45, sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa wewe mchezaji wa fantasi utasema: mchukue upesi, kaka! Ndivyo nilivyotaka kufanya. Lakini nimevaa jezi ya Edmonton zamu nzima, mdogo wangu, na kuna mambo nimejifunza.

Kwanza kile kiti. Mbele yake Calgary wapo MacKenzie Weegar na Rasmus Andersson, wakongwe, na wote watatu wanapiga kwa mkono wa kulia. Weegar msimu uliopita alipata pointi 47, na zaidi ya hizo anagonga watu na kuzuia mashuti kwa mwili wake, mambo ambayo kwenye ligi yetu yanahesabiwa. Usiku ambao hakuna goli, Weegar bado anakuletea kitu. Parekh usiku huohuo anakuletea hewa. Andersson mkataba wake unaisha kiangazi cha 2026, na maneno ya kwamba atauzwa yamezagaa msimu mzima wa joto. Siku atakapoondoka, thamani ya Parekh itapanda pasipo kijana mwenyewe kuinua fimbo. Kwa hiyo kwenye fantasi ya mabeki vijana usihangaike kumtabiri kijana, mtabiri kocha. Kocha wa Flames, Ryan Huska, ana mapenzi gani na beki anayepanda mbele akaacha mlango wazi nyuma? Hata Desemba iliyopita Canada walimwacha Parekh nje ya kikosi cha vijana kilichocheza Kombe la Dunia pale Ottawa, pamoja na magoli yake yote. Canada wakatolewa robo fainali na Wacheki, na mzee wa Newfoundland hajawasamehe hadi leo.

Halafu asisti inataka mfungaji. Flames walimaliza msimu na pointi 96, sawasawa na St. Louis, wakakosa mtoano kwa sababu St. Louis walikuwa na ushindi mwingi zaidi ndani ya muda wa kawaida. Flames walikuwa miongoni mwa timu zilizofunga magoli machache zaidi kwenye ligi nzima. Mfungaji wa kutegemewa ni Nazem Kadri, magoli 35. Huyo mama atampenda: kijana wa familia ya Kilebanoni kutoka London, ile ya Ontario, ambaye mwaka 2022 alipobeba Stanley Cup na Colorado alilipeleka kombe mpaka msikitini kwao. Lakini Kadri ni mmoja. Pasi tamu kwa mtu asiyefunga ni sawa na kumwandikia barua mtu aliyehama.

Na kuna sheria inayonikosesha usingizi. Mchezaji wa miaka 19 aliyetoka ligi za vijana za Canada hawezi kupelekwa kwenye timu ya pili ya wakubwa akakomae. Ni juu kabisa au arudi Saginaw, hakuna katikati. Mkataba mpya wa ligi utalegeza jambo hilo kuanzia msimu wa 2026-27, lakini mwaka huu bado. Tena akicheza mechi 9 halafu akarudishwa, mkataba wake wa kwanza hauhesabiwi mwaka huo. Akigusa mechi ya 10, saa imeanza kwenda. Kwa hiyo kila klabu yenye kijana kama huyu, ikifika mechi ya 9, inakaa chini na kalamu.

Yalimkuta Brandt Clarke wa Los Angeles, beki wa aina hiihii, aliyeteuliwa wa 8 mwaka 2021. Msimu wa 2022-23 alicheza mechi 9, akarudishwa Barrie, akawachana vijana wenzake kwa pointi 61 katika mechi 31. Walioshika jina lake kwenye fantasi walisubiri. Msimu mzima wa kwanza aliucheza mwaka jana: mechi 78, pointi 33. Si mbaya, ila hazimvui mtu jezi ya Edmonton.

Watu huku wanapenda kumlinganisha kila beki kijana na Cale Makar, maana Makar ni mtoto wa Calgary kabisa, ingawa anachezea Colorado. Msimu uliopita Makar alifunga magoli 30 na kufikisha pointi 92. Kulinganisha hivyo ni kumwonea mtoto. Mimi namweka Parekh karibu na pointi 30 au 35 mwaka huu endapo atabaki. Kama ligi yako inaruhusu kumshika mchezaji miaka mingi, mchukue sasa hivi na umfiche kama dhahabu ya bibi. Kama ni ya msimu mmoja, ngoja watu wachoke.

Ligi yetu ni ya msimu mmoja. Wengine wamekwisha nunua magazeti yenye orodha. Mama wa Kipunjabi hana orodha. Ana daftari la mizigo, na nyuma yake ameandika majina kwa penseli.

Juzi Ijumaa tulichagua. Laptopu tatu juu ya meza ya chakula, boksi la donati, mashine ya vinywaji ikinguruma. Raundi ya kwanza hadi ya 13 sikumgusa. Niliwachukua wazee wenye dakika zao. Weegar alikwenda raundi ya 7, si kwangu. Ilipofika ya 14 mzee wa Newfoundland alichukua kipa wa akiba, zamu ikawa yangu, nikaandika P-A-R. Meza ikaangua kicheko. Mfilipino akaniuliza kama jezi ya Edmonton ya mwaka jana ilinikaa vizuri au anitafutie saizi nyingine.

Mama wa Kipunjabi hakucheka. Alilivuta daftari lake karibu, akakata jina moja polepole kwa penseli, akasema, "Nilikuwa namchukua raundi ya 15, beta." Akachukua donati.

Mama usimweleze haya yote. Nilipomgusia kwenye simu aliniuliza huyo kijana ni nani wetu na atanilipa nini. Nikasema ni mtu wa kazini. Tena alitaka kujua kama Waafrika nao wanacheza mambo hayo kwenye barafu. Mwambie Nairobi kuna timu inaitwa Ice Lions, wanateleza kwenye kiwanja kilicho ndani ya hoteli ya Panari, na Kenya imeingia kwenye shirikisho la hoki ya barafu la dunia tangu mwaka jana.

Msimu unaanza mapema Oktoba. Mechi zetu zikianza saa moja jioni, Tanga ni saa kumi alfajiri. Hesabu mechi pamoja nami. Ya 10 ikipigwa na kijana bado yuko Calgary, nitapiga simu papo hapo. Weka simu karibu na mto, na umtoe yule jogoo.

Kaka yako