Kutoka Marereni Hadi Malindi

Msafiri atokaye Marereni kwenda Malindi huanza safari yake karibu na mabwawa ya chumvi. Hapo maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, yakaachwa kukaushwa na jua na upepo, hata chumvi ikaganda nyeupe kama chokaa. Mvua ikinyesha kabla ya mavuno, kazi ya siku nyingi huharibika.

Akifika Gongoni, njia ya mkono wa kushoto humpeleka Ngomeni. Huko Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na tangu mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo cha Marekani kilichopewa jina la Uhuru, cha kwanza kutengenezwa makusudi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani.

Mbele yake ni Mambrui, mji wa kale wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina. Mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na China walichimbua huko sarafu ya zama za mfalme Yongle. Jambo hili lapatana na habari ya twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415.

Baada ya daraja la mto Sabaki, mtu huingia Malindi. Wageni wengi huelekea moja kwa moja kwenye mnara wa Vasco da Gama, uliosimama mwambani juu ya bahari. Mreno huyo alifika Aprili 1498, baada ya kukosa mapokezi mema Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimkaribisha, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Husemwa mara nyingi kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, Mwarabu maarufu wa elimu ya bahari, lakini wanahistoria wengi hawakubali tena.

Urafiki ule haukuufaa mji siku zote. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mfalme wa Malindi akahamia Mombasa kutawala huko. Malindi ikafifia, hata ikabaki magofu na vichaka.

Aliyeufufua mji ni Sayyid Majid wa Unguja, mwaka 1861, kwa mashamba ya nafaka na ufuta. Waliolima walikuwa watumwa, na baadhi yao walitoroka wakajijengea vijiji vyao bara, kama vile Fuladoyo. Kwa jasho la watu hao majahazi yalijaa shehena, lakini mnara ule wa mwambani hauwataji.

Basi mzazi au mwalimu awapelekaye watoto Malindi asiishie mnarani. Na awaeleze pia ni nani aliyelima, ni nani aliyepakia, na ni nani avunaye chumvi Marereni leo. Maana bandari haisimami kwa wageni peke yao.