Kosta ya Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Kwenye Kosta ya shule leo hakuna habari nyingine ila Arusha. Ijumaa asubuhi gari la shule lilisombwa na mafuriko likiwa na watoto ndani, na watoto wetu wakubwa wote wameshaiona video kwenye simu za mama zao. Mmoja wa darasa la sita akaniuliza mimi msimamizi wao, "Anti, na sisi pale bondeni?" Kabla sijafungua mdomo Mzee, dereva wetu, akajibu bila kugeuza shingo: "Mimi sipiti kwenye maji." Yakaishia hapo.

Na kweli hapiti. Siku moja mvua iliponyesha usiku kucha, alisimamisha Kosta mbali na kivuko, akazima injini, akaegemeza kiti. Daladala zinapita, bodaboda wanapita huku wamenyanyua miguu, yeye anatazama tu alama ya maji kwenye nguzo. Tulifika shuleni kipindi cha pili kimeanza. Meneja wa usafiri akamwita mvivu mbele ya walinzi. Kwamba wenzako wanafanya kazi, wewe unalala barabarani.

Leo meneja huyo huyo ameandika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kwamba usalama wa watoto wetu ndio kipaumbele. Ameweka na alama ya mikono iliyofumbatana.

Jumatano, 17 Aprili

Yule wa darasa la pili wa Kinyerezi mwisho analetwa kituoni mgongoni kwa dada, viatu mkononi. Saa kumi na moja na dakika kumi, giza totoro. Namvalisha viatu mimi, garini, huku shingo yake inaning'inia. Jioni mama yake alikuja kumpokea mwenyewe, akanionyesha ripoti ya katikati ya muhula: ana uwezo, ila ni mvivu, analala darasani. "Anti, hivi nimfanyeje? Nimchape?"

Nikamwambia tupige hesabu kwanza, mama. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale saa 9 mpaka 12. Huyu anaamshwa saa kumi na nusu. Ili apate hizo 9 tu, awe ameshalala saa moja na nusu usiku. Mimi mwenyewe namshusha hapa saa kumi na mbili, foleni ikiwa na huruma. Ndani ya saa moja na nusu aoge, ale, afanye hesabu za nyumbani kurasa mbili, amwone na baba yake kama karudi. Mama akanyamaza, akaitazama ile ripoti upya.

Kinachomwamsha mtoto huyu saa kumi na nusu ni tripu mbili za gari moja. Kwanza Kinyerezi na Segerea, kisha tunageuza kuwafuata wa Tabata, ambao wanapanda saa kumi na mbili na nusu wakiwa wamekunywa chai. Wa tripu ya kwanza wanakaa darasani zaidi ya saa nzima wakimsubiri mwalimu, vichwa juu ya madawati. Tangu waraka wa serikali wa 2023 ulipozuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, wadogo wameongezeka garini, gari halijaongezeka.

Jumanne, 23 Aprili

Meneja anasema nachelewesha tripu ya pili kwa kukagua viti.

Niandike hapa ninavyokagua, kwa sababu kwake nilishindwa kueleza bila hasira. Watoto wakishashuka wote naanzia kiti cha nyuma kabisa. Kila kiti nakigusa kwa mkono, kisha nainama kuangalia chini yake. Kutupia jicho ukiwa mlangoni hakusaidii, kwa sababu mtoto aliyelala haonekani. Anateleza taratibu, anajikunja kwenye nafasi ya miguu, begi linamfunika, na sare yetu ina rangi ile ile ya viti. Wiki jana nilikuta mguu tu umejitokeza, soksi moja.

Qatar, Septemba 2022, mtoto wa kike wa miaka 4 alisinzia kwenye gari la chekechea. Wenzake walishuka, gari likafungwa, likaachwa juani. Alifariki. Abu Dhabi ilishatokea hivyo hivyo mwaka 2014. Tabata si Doha, lakini Kosta iliyofungwa vioo juani, saa nne tu, ingia uone kama utamaliza dakika kumi. Anayesahaulika kila mara ni yule aliyelala, na sisi watoto wetu tunawapakia wakiwa wamelala.

Marekani mabasi mengi ya shule yana kengele ambayo haizimiki mpaka dereva aende kubonyeza kitufe kilichoko nyuma ya gari. Kwa hiyo akitaka asitake lazima apite kati ya viti vyote. Sisi hatuna kengele. Mzee amegonga msumari nyuma ya kiti cha mwisho, daftari la majina linaning'inia pale. Nisipolifuata na kumletea mkononi, ufunguo hauingii. Meneja ameuliza kwa nini daftari lisikae mbele kwa dereva, iwe rahisi.

Alhamisi, 2 Mei

Tunashusha Segerea. Mtoto wa awali kashuka, kapita mbele ya gari, chupa yake ya maji ikamponyoka ikabiringika hadi chini ya bampa. Akainama kuifuata. Kwa dereva, mtoto wa kimo kile akiinama pale hayupo tena duniani. Mimi nilikuwa mlangoni nikimpokelea mwingine begi.

Mzee hakuondoa gari. Ana tabia yake: anahesabu vichwa vilivyoshuka, kisha anavihesabu tena vikiwa pembeni ya barabara, na hesabu mbili zisipolingana mguu haumtoki kwenye breki. Leo walishuka watatu, pembeni wakaonekana wawili. Nyuma yetu honi zinalia, konda wa daladala anatukana ("we mzee, umelala?"). Chupa ikatoka, mtoto akatoka, vichwa vikawa vitatu. Ndipo akaingiza gia.

Kuna jingine wanalomlaumu. Wanaokaa upande wa pili wa barabara hawashushi wavuke. Anakwenda kugeuza mbele kabisa, anarudi nao upande wao. Dizeli hiyo meneja anaihesabu kila mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 6 Mei

Kimbunga Hidaya kilitupitia pembeni Jumamosi. Kinyerezi miti imelala, njia zina matope, tumechelewa na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Leo ni miaka 7 tangu ajali ya Karatu. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima kwenye shule nyingine, gari likaporomoka korongoni pale Rhotia. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva. Waliotoka hai ni watoto 3, wakapelekwa Marekani kutibiwa. Nilimtajia Mzee tukiwa tunasubiri tripu ya jioni. Anaikumbuka, siku ile alikuwa bado anaendesha malori.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka 1983, wakati wa Nguvukazi, msako wa serikali wa kuwapeleka wasio na kazi vijijini, alikuwa kijana wa miaka 20, utingo. Walishusha mizigo Kariakoo usiku kucha, asubuhi akajilaza kwenye kivuli cha lori. Wakapita wanaokamata wazururaji. Kitambulisho cha kazi? Hana, tajiri wake hajawahi kumpa hata karatasi. Akapakiwa, akapelekwa kijijini akalime. Alikaa mavuno mawili.

"Nilikuwa nimelala kwa sababu nilitoka kazini," alisema, na akacheka sana, kicheko cha mtu aliyeshazoea kuisimulia habari hiyo. "Tangu hapo, binti yangu, mtu akiniita mvivu namuuliza swali moja tu: umenikuta saa ngapi?"

Nimeliwaza swali hilo jioni nzima. Mwalimu anamkuta yule wa Kinyerezi saa tatu asubuhi, anaona mtoto anayesinzia. Mimi nimemkuta saa kumi na moja na dakika kumi.

Ijumaa, 10 Mei

Kikao cha wazazi. Nilialikwa nikae nyuma, "kama kuna swali la usafiri."

Mama wa Kinyerezi alisimama na ripoti yake, akalisoma lile neno "mvivu" kwa sauti, kisha akataja saa. Hakulia wala hakugombana, alitaja saa tu: ya kuamka, ya kupanda, ya kushuka. Ukumbi ukatulia kidogo. Baba mmoja wa Tabata akaomba nafasi, akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Yeye alitembea kilomita kadhaa pekupeku na leo ni mhasibu. Akapigiwa makofi, hasa na upande wa Tabata.

Mwalimu mkuu akasema gari la pili mwaka huu halipo. Ila anaona njia ya haki: mwezi mmoja Kinyerezi waanze, mwezi unaofuata Tabata waanze.

Ukumbi ulilipuka. Mhasibu wetu alikuwa wa kwanza kusimama. "Mwalimu, mtoto wangu ana miaka saba! Aamke saa kumi?" Mama wa Kinyerezi akageuka kumtazama, akakaa. Katika dakika ile ile wazazi watatu wa Tabata wakauliza gari la pili linagharimu kiasi gani, na kama ada ya usafiri ikiongezwa kidogo litapatikana Julai.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumatano. Meneja ameniagiza nilete orodha ya kila mtoto na saa anayopanda. Ipo tayari. Naongeza safu ya saa wanayolala; nimeanza kuwapigia kina mama, nimebakiza wa Segerea.