Asilimia mbili za mpakani

Kadutu ya utoto wangu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1980, mfanyakazi wa kiwanda hakuwa na haja ya kuuliza serikali itamsaidia nini. Kiwanda ndicho kilikuwa serikali yake. Papa alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, na kwa kazi hiyo tulipata nyumba kambini, dispensari, karo ya shule, na mwisho wa mwezi posho ya unga na mafuta. Sabuni yenyewe ilikuja kwa miche mirefu. Mama aliikata kwa waya, akavipanga vipande juu ya kabati vikauke, maana sabuni mbichi huisha upesi majini.

Mji ulikuwa na viwanda vingine pia. Pharmakina ilitoa kwinini kwenye magome ya mikwinini ya Kivu. Bralima ilitengeneza bia. Kule chini, kwenye bonde la Ruzizi, Kiliba ilitengeneza sukari. Vita vya 1996 viliizima Kiliba, na tangu hapo tulikoroga chai kwa sukari iliyovuka mpaka.

Sabuni ya kigeni ilifuata njia hiyohiyo. Ilikuwa na rangi, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na bei yake ilikuwa chini. Hata Mama aliinunua, na Papa hakumlaumu. Alijua hesabu zake: kiwanda chao kilinunua mazuti ya jenereta kila umeme ulipokatika, mawese yalifika kwa barabara iliyooza, na kila kizuizi njiani kilidai chake. Aliyeitengeneza ile nyingine alikuwa na umeme wa uhakika na bandari mlangoni.

Basi watu wakaanza kuitwa ofisini kuachishwa kazi, idara moja baada ya nyingine. Papa alirudi na karatasi ya hesabu ya mwisho, nakala ya kaboni iliyofifia: siku za notisi, likizo ambazo hakuchukua, miaka ya utumishi, na jumla chini. Ililipwa kwa mafungu, kisha mafungu yakakoma. Kilichomuumiza zaidi alikuja kukijua miaka kadhaa baadaye, alipofuatilia pensheni: mwajiri alikuwa amekata michango kwenye mshahara wake bila kuipeleka. Msaada tulioupata ulitoka kwenye likelemba ya Mama, chama chake cha kuchangiana kwa zamu, na kwenye beseni lake la samaki wadogo, sambaza.

Sheria hazikukosekana. INPP, inayofundisha watu ufundi, ipo tangu 1964. Mwaka 2002 nchi ilipata Kanuni mpya ya Kazi, na ONEM ya kuandikisha wanaotafuta kazi. Sheria ya 2016 ilipanga upya hifadhi ya jamii chini ya CNSS: pensheni, ajali za kazini, posho za familia. Lakini mtu aliyepoteza kazi akiwa na miaka arobaini na mitano, mwenye nguvu na watoto wa kusomesha, ndani ya orodha hiyo ya malipo hana mahali pake.

Waliotufumbua macho walikuwa watu 168 waliowahi kufanya kazi Bralima. Kisa chao hakikutokana na bidhaa za kigeni. Waliachishwa kati ya 1999 na 2003, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD. Mwaka 2015 walipeleka malalamiko Uholanzi, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa, kwa sababu Bralima ilikuwa ya Heineken. Mwaka 2017 wakafikia makubaliano na kampuni. Nilifurahi sana kwa ajili yao. Niliona uchungu pia, kwamba wazee wa Bukavu iliwabidi kupata msuluhishi Ulaya. Na aliyekuwa na mwajiri mzalendo, asiye na makao makuu Amsterdam, angepeleka wapi karatasi yake ya kaboni?

Fedha zipo, na zinatoka palepale tatizo linapoingilia. Tangu 1989 tuna Mfuko wa Kukuza Viwanda, FPI, unaolishwa na tozo ya asilimia 2 juu ya bidhaa zinazoingizwa nchini na juu ya zile za viwanda vyetu wenyewe. Kwa hiyo kila katoni ya sabuni iliyopita mpaka wa Ruzizi kihalali ilichangia. Kazi ya mfuko huo ni kukopesha wenye miradi ya viwanda. Anayefikiriwa ni mwenye mtambo. Aliyesimama mbele ya mtambo miaka ishirini hafikiriwi.

Marekani ililitambua jambo hili mwaka 1962, kwa mpango uliowekwa chini ya Rais Kennedy: anayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje alipwe posho kwa muda na agharamiwe mafunzo. Tangu Julai 2022 mpango huo haupokei maombi mapya. Mwezi huohuo Kongo ilikamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siupingi uamuzi huo. Biashara na majirani ndiyo inayolisha Bukavu. Lakini kadiri mpaka unavyofunguka ndivyo viwanda vichache vilivyobaki vitakavyobanwa, na wafanyakazi wao wanastahili sehemu ya asilimia 2 hizo: miezi sita ya posho, nafasi INPP inayolipiwa, na kabla ya yote michango ya pensheni iliyokatwa bila kufikishwa ilipwe na mfuko, kisha mfuko wenyewe umdai mwajiri. Wazee wenzake Papa bado wana karatasi zao za mshahara. Hesabu inaweza kuanzia hapo.