Hongo ya Malagarasi

Tesiti zimeisha, nimepumua kidogo.

Juzi kwenye lekcha ya historia Uvinza ilipata sentensi moja tu: palikuwa na chumvi, basi. Mimi mtoto wa Ilagala, niliyekua nikivuka Malagarasi kwa kivuko, iliniuma.

Jamani, Uvinza ilikuwa dola, ndogo lakini dola. Ilikuwa na mtawala wake, chemchemi za chumvi na vivuko vya mto. Burton alipopita mwaka 1858 alikuta jina la mtawala Mzogera. Stanley mwaka 1871 akaandika Nzogera. Mzungu au Mwarabu, havuki bure. Stanley alitoa vitambaa ndipo akavushwa. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Wakaja Wajerumani, chumvi ikaenda kwa kampuni yao. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, mizigo ikavuka darajani bila kumuuliza mtu. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji, mwaka 1921 wakawaachia Waingereza. Machifu wakabaki, ila sasa wanakusanya kodi ya mkoloni. Baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu ukafutwa.

Leo hongo ni rushwa, unafungwa. Kumbe enzi hizo ulikuwa ushuru wa nchi yenye mwenyewe!

Nikienda BTP sitawaambia kidato cha pili kwamba Uvinza palikuwa na chumvi. Nitawauliza: chumvi ilikuwa ya nani, na mto ulikuwa wa nani?

Nyie walimu wenzangu mtafundishaje?